Nyongo Haiui Sukari: Somo Nililodaiwa na Baba Mdogo

Kwetu Bariadi, ukishasema unasoma kozi yoyote yenye neno "sayansi", tayari wewe ni daktari. Mimi nasoma sayansi ya maabara za tiba, lakini likizo iliyopita nilipofika nyumbani baba mdogo alinipokea kwa cheo hicho hicho. "Mwadila, baba. Shikamoo." "Marahaba daktari wetu, karibu." Alikuwa amekaa kwenye kiti chini ya mwembe, mguu wa kulia umefungwa bendeji. Vidole viwili havikuwepo.

Habari yenyewe niliipata kidogo kidogo. Baba mdogo aliambiwa ana kisukari cha aina ya pili miaka minne iliyopita. Akapewa metformini, akawa anameza vizuri tu. Halafu siku moja mnadani, katikati ya stori za ng'ombe, mtu akamwambia kwamba vidonge vinachosha figo, na kwamba dawa ya kweli ya sukari ni nyongo ya ng'ombe, kwa sababu uchungu unaua utamu. Akaacha vidonge. Kila wiki akawa anapata nyongo mbichi kutoka kwa wachinjaji, anakunywa kijiko kimoja asubuhi. Miezi mitatu baadaye alichomwa na kisiki cha pamba shambani na hakusikia maumivu. Alipokuja kuona, kidonda kilikuwa kimeoza.

Sikuja na lawama. Yeye ndiye aliyeanza. "Mwanangu, wewe unayesoma hebu niambie kitu kimoja. Nyongo ni chungu. Sukari ni tamu. Sasa uchungu umeshindwaje kuua utamu?"

Wazee, nilikosa jibu. Siyo kwamba sikujua kuwa alikosea. Nilijua. Lakini baiokemia niliyofaulu mwaka wa pili ilikuwa imeniachia mstari mmoja tu: "nyongo husaidia kuyeyusha mafuta." Huwezi kumpa mtu aliyepoteza vidole mstari mmoja wa mtihani. Niliporudi chuo nikaanza kusoma upya, na nilichokikuta kilinishangaza. Nyongo na sukari zina uhusiano kweli, ila siyo ule wa mnadani. Makala hii ndiyo jibu ninalomdai baba mdogo, na naliandika hapa kwa sababu nadhani wengi wetu tunamdai mtu fulani nyumbani jibu kama hili.

Nyongo ni nini hasa

Kila aliyewahi kushika kisu kwenye uchinjaji anajua onyo la wakubwa: angalia usipasue nyongo. Kile kifuko cha kijani kimejificha chini ya ini, na kikipasuka nyama inakuwa chungu. Kifuko lakini ni ghala tu. Kiwanda ni ini lenyewe, na kwa binadamu ini hutengeneza nusu lita hadi lita moja ya nyongo kwa siku. Kifuko huitunza na kuifanya nzito mpaka chakula chenye mafuta kiingie utumboni, ndipo hujikamua.

Ndani ya nyongo kuna maji, chumvi, rangi inayotokana na kuvunjwa kwa chembe nyekundu za damu, kolesteroli, na kitu kinachotuhusu leo: asidi za nyongo. Ini huzitengeneza kutokana na kolesteroli. Ndiyo, ile ile kolesteroli inayotajwa kama adui ndiyo malighafi yake. Asidi kuu mbili zinazotoka moja kwa moja kwenye ini la binadamu ni asidi ya koliki na asidi ya kenodeoksikoliki. Hizi tunaziita asidi za daraja la kwanza. Kabla ya kutoka, ini huziunganisha na glisini au taurini ili ziyeyuke vizuri zaidi kwenye maji.

Kazi ya asidi hizi utumboni ni kama ya sabuni ya vyombo. Upande mmoja unapenda maji, mwingine unapenda mafuta. Zinavunja tone kubwa la mafuta kuwa vitone vidogo ili vimeng'enya vifanye kazi, na bila hizo hata vitamini A, D, E na K tungezipata kwa shida. Kwa miongo mingi sayansi ilisimama karibu na hapo. Mjerumani Heinrich Wieland alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1927 kwa kuchunguza muundo wa asidi za nyongo, na bado watu waliendelea kuziona kama sabuni tu.

Magunia ya AMCOS

Ili kuelewa kilichofuata, tuanze na mzunguko. Mtoto wa Simiyu ataelewa haraka kwa mfano wa msimu wa pamba. Chukulia chama cha msingi, yaani AMCOS, chenye magunia yake. Magunia yanatoka tupu, yanajazwa, yanaenda kushushwa mzigo, yanarudi. Gunia hilo hilo linazunguka mara nyingi ndani ya msimu mmoja. Machache yanachanika au kupotea njiani, na chama kinatoa pesa kununua mapya kufidia hayo machache tu.

Ini linafanya hivyo hivyo. Mwili mzima wa mtu mzima una asidi za nyongo zisizozidi gramu chache, tuseme kama gramu 3. Zinatoka kwenye ini, zinapita kwenye utumbo, na zikifika mwisho wa utumbo mwembamba zaidi ya asilimia 95 hunyonywa na kurudishwa kwenye ini kupitia mshipa mkubwa unaotoka utumboni. Mzunguko huu hutokea mara kadhaa kwa siku, kwa hiyo gramu 3 zinaweza kufanya kazi ya gramu 20. Kinachopotea kwenye choo ni kama nusu gramu kwa siku. Hiyo nusu gramu ndiyo ini hulazimika kuifidia kwa kutengeneza mpya, na malipo yake ni kolesteroli.

Kumbuka hapo. Kama magunia mengi zaidi yatapotea, chama kitatumia pesa zaidi. Kama asidi nyingi zaidi zitatoka chooni, ini litatumia kolesteroli zaidi, na sehemu ya kolesteroli hiyo litaivuta kutoka kwenye damu. Tutarudi kwenye jambo hili tukifika kwenye sahani ya ugali.

Zile zisizonyonywa mapema hufika utumbo mpana, na huko zinakutana na bakteria. Bakteria hawa huzikata na kuzibadilisha kuwa asidi za daraja la pili, hasa asidi ya deoksikoliki na asidi ya lithokoliki. Maana yake ni kwamba aina za asidi za nyongo ulizonazo haziamuliwi na ini lako peke yake. Bakteria wako wana kura, na bakteria wako wanakula unachokula wewe.

Zikifika kwenye damu zinakuwa ujumbe

Ini huzinyaka asidi nyingi zinaporudi, lakini siyo zote. Chache huponyoka na kuingia kwenye damu inayozunguka mwili mzima. Kwa mtu mwenye afya ambaye hajala tangu jana usiku, kiasi chake kwa kawaida hakifiki maikromoli 10 kwa lita. Akishakula hupanda mara kadhaa, kisha hushuka. Zamani mponyoko huu ulionekana kama uvujaji usio na maana.

Mwaka 1999 mambo yalibadilika. Makundi tofauti ya watafiti yalionyesha kwamba ndani ya chembe zetu kuna kipokezi, kinaitwa FXR, ambacho asidi za nyongo hukaa juu yake kama ufunguo kwenye kitasa. Miaka michache baadaye, 2002 na 2003, kikatambuliwa cha pili kilicho kwenye ngozi ya chembe, kinaitwa TGR5. Kitu chenye kipokezi chake siyo sabuni tu. Ni ujumbe. Asidi za nyongo zikaanza kusomwa kama homoni.

Ujumbe wenyewe unasemaje? Kwa kifupi, unasema: chakula kimefika, jipangeni.

FXR iliyopo mwisho wa utumbo mwembamba ikiguswa, utumbo hutoa homoni iitwayo FGF19. Hii husafiri hadi kwenye ini na kuliambia lipunguze kutengeneza asidi mpya, kwa sababu zilizopo zinatosha. Inasaidia pia kulituliza ini lisiendelee kumwaga sukari kwenye damu wakati mlo umeshaingia.

TGR5 nayo ipo kwenye chembe fulani za utumbo zinazotoa homoni ya GLP-1. Hiyo GLP-1 huiambia kongosho itoe insulini, na huiambia akili kwamba umeshiba. Kama jina hilo umewahi kulisikia, ni kwa sababu dawa za kisasa za kisukari na unene kama semaglutide zimetengenezwa kuiga homoni hii hii.

Kwa hiyo baba mdogo hakuwa mbali sana na ukweli aliposema nyongo inagusa sukari. Inagusa. Lakini haiigusi kwa uchungu. Uchungu na utamu ni habari za ulimi, na damu haina ulimi. Sukari iliyoko kwenye damu haifi kwa kukutana na kitu kichungu. Inatoka kwenye damu pale insulini inapozifungulia chembe za misuli na mafuta ziichukue, na pale ini linapoacha kuongeza nyingine.

Ugonjwa ukiingia

Watafiti wanapopima damu za watu wenye kisukari cha aina ya pili, wenye unene uliozidi, au wenye mafuta kwenye ini, mara nyingi hukuta mpangilio wa asidi za nyongo umebadilika. Kwa baadhi, jumla yake ni kubwa kuliko kawaida, hasa pale ini linapokuwa limeshavimba kwa mafuta. Kwa watu wanene, kile kipando cha baada ya kula huwa kimefifia, yaani ujumbe wa "chakula kimefika" unatoka kwa sauti ndogo. Kwa wale ambao insulini imeanza kukosa nguvu, uwiano unaelemea upande wa asidi ya koliki na ndugu yake wa daraja la pili, asidi ya deoksikoliki.

Hapa mwanafunzi makini atauliza: kipi kilianza? Nyongo iliyobadilika ndiyo iliyoleta kisukari, au kisukari ndicho kilichobadilisha nyongo? Jibu la kweli ni kwamba njia inaenda pande zote mbili. Insulini yenyewe hudhibiti kimeng'enya kinachoamua ni kiasi gani cha asidi ya koliki kitengenezwe. Insulini ikikosa nguvu, breki hiyo inalegea. Kwa upande mwingine, asidi zikibadilika, ujumbe kwenda kwenye ini na kongosho unabadilika pia. Ni kama ugomvi wa majirani. Ukifika umechelewa huwezi kusema nani alitupa jiwe la kwanza, lakini unaona kila mmoja anachochea.

Ushahidi kwamba jambo hili si la makaratasi tu unatoka sehemu mbili. Kwanza, watu wanaofanyiwa upasuaji wa kufupisha njia ya chakula kwa ajili ya unene huonekana asidi za nyongo zikipanda kwenye damu, na sukari yao mara nyingi hutulia hata kabla hawajapungua uzito mwingi. Asidi za nyongo ni moja ya sababu zinazochunguzwa, si pekee. Pili, kuna dawa iitwayo kolesevelamu. Ilitengenezwa kunasa asidi za nyongo utumboni ili kushusha kolesteroli, kwa hesabu ile ile ya magunia. Ikaonekana inashusha na sukari kidogo, na mwaka 2008 Marekani ikaidhinisha itumike pia kwa kisukari cha aina ya pili.

Sasa sikia hili, maana ndilo lililoniuma zaidi. Metformini, kidonge kile kile baba mdogo alichokiacha kabatini, sehemu ya kazi yake hufanyika utumboni, na mojawapo ya mambo inayofanya huko ni kupunguza unyonywaji wa asidi za nyongo. Yaani aliacha dawa inayorekebisha njia ya nyongo, akaenda kunywa nyongo.

Kutoka Mulago hadi Kilimanjaro

Usidhani haya ni mambo ya maabara za Ulaya tu. Sehemu muhimu ya hadithi hii ilianzia Afrika Mashariki. Daktari Mwingereza Hugh Trowell alifanya kazi Kenya na Uganda kwa karibu miaka thelathini, muda mrefu akiwa Mulago, Kampala. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji, naye alikuwa Uganda kuanzia miaka ya 1940. Wote wawili waliona jambo lililowashangaza: wodi zilijaa wagonjwa, lakini mawe kwenye kifuko cha nyongo, ugonjwa wa mishipa ya moyo na kisukari, vitu vya kawaida kwao Uingereza, vilikuwa adimu kwa wanavijiji wa huku.

Waliporudi kwao walipeleka swali kwenye sahani. Wanavijiji wa Afrika Mashariki walikula nyuzinyuzi nyingi kupita Waingereza. Mwaka 1972 Trowell aliandika akipendekeza kwamba nyuzinyuzi hushusha kolesteroli ya damu kwa kuongeza asidi za nyongo zinazotoka chooni. Magunia, tena. Siyo kila walichopendekeza kimesimama hadi leo, na wodi za enzi zile zilikuwa na watu wengi waliokufa mapema kwa malaria na njaa kabla ya kufikia umri wa magonjwa haya. Lakini wazo la nyuzinyuzi na nyongo limepimwa mara nyingi tangu hapo, na bado liko hai.

Na hali ya kwetu je? Mwaka 1989 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake waliopima watu zaidi ya 6,000 wenye miaka 15 na kuendelea kwenye vijiji sita vya Tanzania. Waliokutwa na kisukari walikuwa kama mtu 1 kwa kila 100. Mwaka 2012, uchunguzi wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta kama 9 kwa kila 100. Umri na vipimo vya tafiti hizi mbili havilingani, kwa hiyo usizigawanye ukapata jibu la haraka. Ila mwelekeo hauhitaji kikokotoo.

Kuhusu chakula kubadili asidi zenyewe, jaribio zuri lilichapishwa mwaka 2015. Wamarekani weusi 20 kutoka Pittsburgh na wanavijiji 20 wa Afrika Kusini walibadilishiwa vyakula kwa wiki mbili. Wamarekani walipopewa chakula cha kijijini chenye nyuzinyuzi nyingi na mafuta kidogo, asidi za nyongo za daraja la pili kwenye kinyesi chao zilishuka. Wa Afrika Kusini walipopewa chakula cha Kimarekani, zilipanda. Wiki mbili tu. Swali la utafiti ule lilikuwa saratani ya utumbo mpana, na walipima kinyesi badala ya damu, lakini unaonyesha jinsi bakteria wanavyobadili kura yao haraka.

Na mwaka 2025 watafiti wa Kilimanjaro na wenzao wa Uholanzi walichapisha jaribio la vijana wa kiume 77 wenye afya. Waliotoka kijijini wakala chakula cha kisasa cha mjini kwa wiki mbili, viashiria vya kinga ya mwili kuchemka bila sababu vilipanda na kemia ya damu ikayumba. Waliotoka mjini wakarudi kwenye chakula cha asili, mambo yalielekea upande mzuri. Vijana hao ni rika letu.

Sahani ya nyumbani, sahani ya chuo

Tuseme ukweli kuhusu sisi. Bumu likiingia, wiki ya kwanza ni chipsi mayai na soda, kuku wa kukaanga jioni. Bumu likiisha ni ugali wa sembe na maharage kidogo kwa mama ntilie. Mtu anatoka nyumbani akiwa amekulia mtama, dona, mlenda, mgagani, choroko, viazi vitamu na michembe, anafika chuo anavikimbia kama vyakula vya ushamba.

Kwa macho ya somo letu, hivi ndivyo vilivyo. Dona ina pumba na kiini cha punje; sembe imevuliwa vyote viwili, na nyuzinyuzi zimebaki mashineni kwa ajili ya mifugo. Ule ute wa mlenda ni aina ya nyuzinyuzi zinazofanya uji mzito utumboni, na bamia yenye ute kama huo imeonekana maabara ikinasa asidi za nyongo. Dengu na choroko, ambazo wakulima wa Simiyu huzilima na kuziuza kwa wafanyabiashara zikasafiri hadi Asia, zimejaa nyuzinyuzi zinazolisha bakteria wazuri. Tunauza dengu, halafu tunanunua chipsi.

Ila tusidanganyane kwa upande wa pili pia. Chakula cha asili siyo hirizi. Michembe na viazi ni wanga, na mtu mwenye kisukari akijaza sinia sukari itapanda vile vile. Babu zetu walikula hivyo na wakalima kwa jembe la mkono siku nzima. Sisi tunakaa kwenye vimbweta saa sita tukisubiri UE. Mazoezi ni sehemu ya hesabu.

Je, nikapime asidi za nyongo?

Kwa ajili ya kisukari, hapana. Kipimo hicho kwa sasa ni cha watafiti. Ukitaka kujua hali yako, pima sukari kabla ya kula, pima presha, pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani. Ni rahisi na vinaeleza mengi.

Kuna mahali pamoja ambapo jumla ya asidi za nyongo kwenye damu hupimwa kwa matibabu kweli, na kila mmoja wetu mwenye dada, mke au rafiki mjamzito apajue. Mama mjamzito, hasa miezi mitatu ya mwisho, akiwashwa sana viganja na nyayo bila upele, na usiku kuwasha kukizidi, asiambiwe ni mabadiliko ya kawaida tu. Inaweza kuwa nyongo haitiririki vizuri kwenye ini. Asidi zikipanda sana, hasa zikifika maikromoli 100 kwa lita, hatari ya mtoto kufia tumboni inaongezeka. Aende kliniki mapema na aseme wazi anavyowashwa.

Jibu kwa baba mdogo

Baada ya kusoma yote haya nilimpigia simu. Nilimwambia hivi.

Baba, mwili wako una nyongo yako, na inazunguka karibu gramu 20 za kazi kila siku. Kijiko cha ng'ombe ni nyongeza ndogo isiyo na kipimo. Nyongo mbichi ya mnyama inaweza kubeba bakteria kama Salmonella, na huko Asia watu waliokunywa nyongo mbichi ya samaki wa jamii ya kapu wamewahi kufeli figo. Dawa zinazotokana na nyongo zipo kweli, hospitalini, lakini zimesafishwa na kupimwa, na kila moja ina ugonjwa wake. Kilichokuondolea vidole si kijiko. Ni miezi mitatu ya sukari kupanda bila dawa, mpaka mishipa ya fahamu ya mguu ikashindwa kukuambia kwamba umechomwa.

Kuhusu figo, nilimwambia kwamba sukari isiyodhibitiwa ndiyo inayoziharibu zaidi. Metformini ina masharti kwa mtu ambaye figo zimeshadhoofika sana, ndiyo maana daktari hupima figo na kurekebisha dozi. Hofu yake ilikuwa na mzizi, ila aliipeleka mnadani badala ya kliniki.

Alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Kwa hiyo wewe daktari unataka nile nini?" Nikamjibu: vidonge kama ulivyoandikiwa, dona badala ya sembe, tonge liwe dogo na mlenda uwe mwingi, na lile gunia la dengu usiuze lote. Na kila jioni kagua nyayo zako, maana zenyewe haziwezi tena kupiga kelele.

"Haya," akasema. "Dengu nimeshauza. Nitabakiza za mwaka ujao."

Maswali ya kujadili kwenye kimbweta

1. Kama ini hutengeneza asidi za nyongo kutokana na kolesteroli, kwa nini kula nyuzinyuzi kunaweza kushusha kolesteroli ya damu? Eleza kwa mfano wa magunia, kisha eleza bila huo mfano.

2. Mtu ana kisukari na asidi zake za nyongo ziko juu. Je, hilo linatosha kusema asidi hizo ndizo zilizomletea kisukari? Ungehitaji ushahidi gani zaidi?

3. Andika ulichokula jana asubuhi hadi usiku. Nyuzinyuzi zilitoka wapi? Kama jibu ni "hakuna", bei ya kilo ya dengu sokoni kwenu ni shilingi ngapi?

4. Ni nani nyumbani kwenu ameacha dawa bila kumwambia daktari? Mpigie simu leo. Uliza kwanza kwa nini aliacha, ndipo ueleze.